Kutoka Miritini hadi kona ya Haile Selassie

Safari hii ya Agosti 2024 niliiandika vipande vipande: kidogo kwenye daftari, kidogo nyuma ya risiti, na mengine yamenijia nikitazama picha za simu baada ya kurudi Kisauni. Sababu yake ilikuwa ya kawaida. Binti yangu alipata nafasi katika chuo kilichoko Haile Selassie Avenue, Nairobi, kinachoitwa sasa Technical University of Kenya, ambacho mimi nilikisoma kikiwa bado Kenya Polytechnic. Tulikuwa na makaratasi ya kupeleka na chumba cha kutafuta. Sababu ya pili sikumwambia mtu. Tangu nilipoondoka Nairobi mwaka 1999 nimekuwa nikienda kwa harusi na matanga, na kila mara napita mtaa mwingine ili nisiione ile kona lilipolipuka bomu la ubalozi wa Marekani, 7 Agosti 1998. Safari hii nilitaka kuifikia, na niifikie tarehe 7 Agosti.

Jumanne, 6 Agosti: Kisauni, Miritini, Syokimau

Tulitoka baada ya sala ya alfajiri. Tuktuk hadi mjini, kisha matatu za SGR, ile reli mpya, hadi stesheni yake ya Miritini. Kwa watu wawili na mizigo yetu, shilingi 500 zilikuwa zimekwenda kabla hatujaiona treni. Treni ya saa mbili asubuhi ndiyo inayosimama vituo vya njiani, na daraja la kawaida hadi Nairobi ni shilingi 1,500. Tiketi hukatwa kwa simu, *639#, malipo kwa M-Pesa. Beba kitambulisho chenyewe, picha yake haitakusaidia. Na ufike mapema, saa nzima na nusu kabla ya treni kuondoka, kwa sababu ya mambo ya langoni.

Langoni Miritini abiria hupanga mizigo chini kwa mstari, wakarudi nyuma hatua kadhaa, na mbwa wa polisi akapita akinusa begi moja baada ya jingine. Watu wote hunyamaza hapo, hata wale waliokuwa wakigombana na makuli. Ukimaliza mbwa kuna mashine ya kupitisha mizigo, kuna kupapaswa, kuna tiketi, kisha mashine nyingine. Mimi kila hatua nilikuwa nimechelewa: mkanda, funguo, sarafu, tasbihi. Binti yangu alipita zote akiwa anasoma simu. Aliinua mikono kabla askari wa kike hajamwambia. Nikamuuliza kama hachoshwi na haya.

“Kuchoshwa na nini, baba?”

Viti vya daraja la kawaida vinatazamana, magoti kwa magoti, kwa hivyo mazungumzo hayakwepeki. Mbele yetu aliketi mzee wa Tanga aliyekuwa akienda Nairobi kumwona mjukuu. Tulipopita Mariakani alikuwa ameshafungua kifurushi cha mkate wa kumimina na kutukatia vipande vinono. Nilimshukuru, maana chai ya kwenye treni bei yake inaizidi ladha yake. Akasema wale mbwa wamemkumbusha tisini na nane.

“Ulikuwa wapi wewe?”

“Nairobi, mzee wangu. Mwanafunzi.”

“Mimi nilikuwa Dar. Seremala. Kazi yetu siku ile ilikuwa nyumba moja Oysterbay, si mbali na Laibon Road.”

Wengi wa rika la binti yangu hawajui kwamba asubuhi ileile, kwa tofauti ya dakika chache, mabomu yalikuwa mawili. Kwenye ubalozi wa Marekani Dar es Salaam walikufa watu 11. Mzee alisema lori la maji lililokuwa pale ubalozini ndilo lililokula sehemu kubwa ya mlipuko. Bila lori lile, alisema, hata yeye asingekuwa anatukatia mkate. Kisha akaongeza, bila hasira: “Likitajwa bomu lile watu husema Nairobi, Nairobi. Sawa, nyinyi mlizika wengi. Lakini na kumi na mmoja ni watu.”

Tsavo tuliona ndovu wekundu kwa vumbi, wamejipanga kando ya bwawa, na behewa zima likahamia dirisha moja. Baada ya Mtito Andei nililala.

Ukifika Syokimau usizubae kupiga picha. Kuna treni ndogo ya kuunganisha inayokupeleka hadi stesheni ya zamani katikati ya jiji, na husubiri abiria wa SGR kwa muda mfupi tu. Ni nafuu kuliko teksi na haijui msongamano wa Mombasa Road. Na chukua sweta: Agosti ya Nairobi ni baridi ya kunyemelea, jua lipo lakini halikugusi.

Stesheni ile ya zamani ndiyo niliyoshukia mara ya kwanza mwaka 1997, nikitoka kwenye treni ya usiku, daraja la tatu, shingo imepinda, na sanduku la bati alilonipa marehemu mama. Ukitoka nje uko Haile Selassie Avenue. Makanga wa Ngong na Rongai wanakuita mzee kabla hujafunga zipu ya begi. Ile kona iko umbali wa dakika chache kwa miguu, lakini jioni ile tuligeukia upande wa matatu za Eastleigh, tukashuka Majengo ya Pumwani kwa khalati, dada wa mama, aliyenilea miaka ile yote ya chuo.

Jumatano, 7 Agosti: chuoni, kisha kwenye kona

Asubuhi iliisha chuoni. Makaratasi yalipokewa, binti akapewa risiti zake, na kabla ya saa sita tulikuwa nje. Nikamwambia tutembee kidogo kushuka Haile Selassie. Akakubali kwa sababu alidhani tunaenda kula.

Nijaribu kueleza jiji lilivyokuwa, maana picha zake sina. Kamera ilikuwa ya watu wenye pesa. Sisi wanafunzi hatukuzunguka majengo, tuliyapenya. Uliingia mlango wa jengo la ofisi Moi Avenue, ukapita mbele ya lifti, ukamsalimia mzee aliyeuza magazeti kwenye ukumbi, ukatokea mlango wa nyuma mtaa wa pili. Kila mmoja wetu alikuwa na njia zake na alizionea fahari. Mvua za El Niño mwishoni mwa 1997 tulizikwepa hivyo, kutoka kibaraza hadi ukumbi, ukumbi hadi kibaraza, na kuna siku nilitoka chuoni hadi kituo cha mabasi cha Kencom nikiwa nimelowa mabega tu. Hakuna aliyeuliza unaenda ofisi gani.

Ubalozi wa Marekani nao ulikuwa hapohapo barabarani, kwenye makutano ya Moi Avenue na Haile Selassie, ukuta wake na njia ya watu vikikaribiana kabisa. Foleni ya viza ilianza alfajiri, na waliopanga foleni waliuziwa kalamu, maandazi na ushauri. Mimi mwandiko wangu ulikuwa mzuri. Kwa shilingi 50 nilimjazia mtu fomu. Wiki nzuri ilinipa nauli na chakula, na pesa kidogo ya sinema Jumamosi. Nyuma ya ubalozi kulikuwa na jengo la Ufundi, lenye chuo cha uhazili, na upande mwingine lile ghorofa refu la Co-operative. Pale Ufundi alisoma msichana aliyetupigia chapa kazi zetu za darasa kwa shilingi kumi ukurasa. Alikuwa na daftari la wadeni. Mimi nilikuwamo, kurasa nne.

Ijumaa ile, saa nne na nusu ikiwa imepita, tulikuwa darasani. Ulisikika mlio wa kwanza, mdogo, na mwalimu hakuacha kuandika ubaoni. Baadaye tukajua ilikuwa guruneti: walinzi wa lango la nyuma walikataa kulifungulia lori, na mmoja wa waliokuja nalo akairusha. Mlio ule mdogo ndio uliowaua na kuwapofusha wengi, kwa sababu watu maofisini walikwenda madirishani kutazama kuna nini. Kisha ukaja wa pili. Sakafu ilipanda. Kioo kimoja cha darasa letu kilishuka chote kwa mara moja, na wote tukajikuta chini ya meza bila kukumbuka tumefikaje.

Tulikimbilia kulekule, sijui kwa nini; vijana hukimbilia. Moshi ulikuwa mweusi, mnene, na juu yake karatasi za ofisini zikishuka polepole kama manyoya ya kuku anayenyonyolewa. Ankara, barua, stakabadhi. Ufundi haikuwepo tena, ilikuwa rundo. Kwenye barabara basi lilikuwa limesimama na abiria wake wamekaa, na nilipolikaribia nikaelewa kwa nini hawashuki. Nissan za Ngong na Lang’ata, zilezile zilizotutukana kila asubuhi kwa kukosa nauli kamili, zilifungua milango zikajaza majeruhi hadi juu ya viti na kuelekea Hospitali ya Kenyatta, honi moja kwa moja. Mimi nilishika kona ya mlango wa mbao uliogeuzwa machela. Mwanamke tuliyembeba aliniuliza mara kwa mara kama viatu vyake vimechukuliwa. Nikamwambia ninavyo. Sikuwa navyo.

Nairobi walikufa watu 213, na 12 kati yao walikuwa Wamarekani. Waliojeruhiwa ni maelfu.

Leo pale pana bustani, August 7th Memorial Park, iliyofunguliwa 2001. Ubalozi ulihamia Gigiri, mbali na jiji, nyuma ya kuta na nafasi tupu. Siku za kawaida langoni kuna kiingilio kidogo, na ndani kuna nyasi, mabenchi, jumba dogo la maonyesho, na ukuta wenye majina. Tulipofika, dua na hotuba za asubuhi zilikuwa zimekwisha. Vijana walikuwa wanakunja viti vya plastiki na maua yalikuwa yamelazwa chini ya ukuta, mengine bado na karatasi za dukani. Kwenye mabenchi walikuwa wameketi wafanyakazi wa mapumziko ya mchana, mmoja amevua viatu, wawili wanagawana chapati na madondo kwenye kikopo. Nilijitayarisha kukasirika nikakuta sina hasira. Jiji lina uhaba wa mahali pa kukaa bila kununua kitu.

Jina la yule mpiga chapa lipo. Nilimwonyesha binti yangu nikamweleza habari ya kurasa nne. Alicheka kidogo, akaona mimi sicheki, akasogea karibu. Kisha akauliza: “Kwani zamani mlikuwa mnaingia tu? Kila mahali?” Alikuwa amelisikia lile la kupenya majengo njia nzima na ndilo lililomshangaza, kuliko lori, kuliko idadi ya waliokufa. Nikamwambia ndiyo, tulikuwa tunaingia tu. Alitikisa kichwa, na sidhani aliniamini.

Mama mmoja aliyekuwa akipanga maua alituuliza tumempoteza nani. Nikasema rafiki. Akanipa ua moja kutoka shada la kwake, akasema kwao lilibaki moja la ziada. Sikuwa nimenunua ua lolote.

Chakula cha mchana: githeri na parachichi kwenye kibanda upande wa Muthurwa, watu wawili shilingi 240, na chai ya moto isiyo na haraka.

Alhamisi, 8 Agosti: Majengo, hatukutoka

Mpango ulikuwa kutafuta chumba. Lakini ilikuwa siku ya maandamano ya Nane Nane, mwendelezo wa yale ya vijana yaliyoanza Juni, na polisi walikuwa wamefunga barabara za kuingia katikati ya jiji. Matatu ziligeuzia njiani, maduka mengi yalifungwa, na milio ya vitoza machozi ilisikika hadi kwetu. Anayesafiri Nairobi siku za namna hii asidanganyike na utulivu wa asubuhi: uliza makanga kwanza, na kama wao wamekaa vibarazani, kaa nawe.

Basi tulikaa. Khalati ana zaidi ya miaka themanini na bado anapika kwa jiko la makaa mlangoni, kwa sababu gesi, asema, haina subira. Alitutengenezea mahamri na mbaazi za nazi, nazi ya kopo kwa masikitiko yake. Kila mlio ulipolia mjini alinyamaza, akahesabu moyoni, akaendelea kukanda. Nilimuuliza anahesabu nini. Akasema anangoja wa pili.

Alikumbuka mambo ambayo mimi sikuyaona, kwa sababu siku tatu zile alikuwa akimtafuta mume wa jirani. Walizunguka hospitali za Kenyatta, Aga Khan, M.P. Shah, wakisoma orodha zilizobandikwa ukutani kwa mkono. Majina yaliandikwa walivyosikia wauguzi, kwa hivyo kila jina lililofanana kidogo lilibidi lifuatwe wodini. Mwisho walikwenda mochari ya City. Yule jirani yake, Mkikuyu muuza mboga, aliingia; khalati alibaki mlangoni ameshika kikapu cha mwenzake. “Nilikishika mpaka vidole vikafa ganzi,” alisema. “Nilijua nikikiweka chini itakuwa kweli.”

Usiku zile jiji zima lilikuwa likisikiliza redio kwa ajili ya Rose. Waokoaji, Waisraeli pamoja na wenyeji, walikuwa wamesikia sauti yake chini ya kifusi cha Ufundi, wakazungumza naye, wakachimba usiku na mchana. Majengo watu waliomba dua misikitini na makanisani wakimtaja kwa jina moja tu, kana kwamba ni wa nyumba yao. Walipomfikia alikuwa ameshafariki. Khalati asema ule ndio wakati aliposikia mtaa ukilia. Kabla ya hapo watu walikuwa wakishughulika.

Kuna mengine hatukuyazungumza mbele ya binti, nikayaandika usiku. Ijumaa ile imamu alifupisha hotuba na wanaume wakatoka msikitini moja kwa moja kwenda kutoa damu. Lakini majina ya watuhumiwa yalipoanza kutajwa, na kusemwa kwamba wengine walikaa Mombasa na Pwani, hewa ilibadilika. Septemba serikali ilifutia usajili baadhi ya mashirika ya misaada ya Kiislamu. Kofia yangu nikaanza kuitia mfukoni kabla ya kupanda matatu. Mwenye nyumba mmoja niliyetaka kupanga kwake aliniuliza kwetu wapi, nikasema Mombasa, na chumba kikawa kimeshachukuliwa. Huyu muuza mboga, ambaye mumewe alizikwa kwa sababu ya lile lori, ndiye aliyekuja mlangoni kwetu jioni polisi walipokuwa wakipekua nyumba za mtaa, akaketi kwenye kigoda chetu, akawa anamenya njegere hadi walipopita. Hakusema lolote juu yake, wala khalati hakumshukuru kwa maneno. Wamekuwa wakipelekeana sahani hadi leo.

Nilirudi Pwani 1999 nikidhani hayo ni ya Nairobi. Novemba 2002 likaja la hoteli ya Kikambala, si mbali na kwetu: Wakenya 10 na Waisraeli 3.

Ijumaa, 9 Agosti: Luthuli Avenue

Jiji lilifunguka. Chumba tulikipata Ngara, shilingi 7,500 kwa mwezi, maji siku tatu kwa wiki. Nitaruka habari za dalali. Ushauri mmoja tu: usilipe “ada ya kutazama” kabla ya kuona ufunguo ukifungua kitasa.

Kutoka Ngara nilimpeleka binti Luthuli Avenue kumwona mtu tuliyeketi naye benchi moja Poly. Ana kibanda cha kutengeneza simu na redio, upana wake ni mikono miwili ikinyooshwa. Nilipotokea mlangoni alisema, bila kuinua kichwa, “Mombasa, umenenepa.” Bado wananiita hivyo.

Jicho lake la kushoto ni la kioo. Siku ile hakuwa darasani. Alikuwa jengo la jirani na ubalozi, ghorofani, kwenye foleni ya kulipa karo. Mlio wa kwanza uliposikika foleni nzima ilikimbilia dirishani. Yeye alibaki, kwa sababu alikuwa wa tatu kutoka mbele na hakutaka kupoteza nafasi. “Niliona migongo yao,” alimwambia binti yangu. “Kisha sikuona kitu.” Kipande cha kioo kilimpata akiwa amesimama peke yake katikati ya chumba. Alinyamaza kidogo, akaendelea kuchomea waya. “Kwa kazi hii, ami yako jicho moja linamtosha. Lenzi yenyewe ni moja.”

Nilimuuliza habari ya fidia. Waliohukumiwa New York mwaka 2001 walipewa kifungo cha maisha, hilo analijua na halimhusu sana. Sudan nayo ilikubali kulipa dola milioni 335 kwa Wamarekani na wafanyakazi wa balozi zao walioathirika na mashambulizi ya aina ile, pesa zikatolewa 2021, na mpita njia wa Nairobi hakuwamo. Kwenye droo yake ana bahasha ya kaki yenye barua za hospitali, kadi ya kliniki ya macho, na nakala za fomu alizojaza mwaka hadi mwaka kila kikundi kipya cha waathiriwa kilipoundwa. Fomu ya mwisho ilitaka athibitishe kwamba alikuwa Nairobi tarehe hiyo. “Nikawaambia waniangalie usoni,” alisema, “wakasema wanataka karatasi.” Aliirudisha bahasha chini ya spika mbovu, akatengeneza chaji ya simu ya binti yangu na kukataa pesa. Tuliwekeana shilingi 200 mkononi, yangu kwake, yake kwangu, hadi mteja akaja tukaacha.

Kutoka hapo tulikuwa tunaelekea swala ya Ijumaa msikiti wa Jamia, na nilitaka kumwonyesha binti njia moja ya zamani. Jengo lipo, ukumbi upo, hata vigae ni vilevile. Mlangoni kuna mashine ya kupitia na kijana mwenye kigunduzi cha chuma.

“Mzee, unaenda ofisi gani?”

“Napita tu, nitokee upande wa pili.”

Alinitazama kwa upole kabisa. “Hapa hapapitwi. Mlango wa nyuma hufungwa.” Nikamuuliza tangu lini. Hakujua, alikuta umefungwa. Umri wake, nilipomdodosa, ulikuwa wa mtu aliyezaliwa baada ya bomu. Akatuelekeza njia ya kuzunguka kwa makini, hadi kwenye kona akatoka nje kutuonyesha kwa kidole, akiacha mlango wake bila mtu.

Si lile la 1998 peke yake lililofunga milango. Shambulio la jumba la maduka la Westgate, Septemba 2013, watu 67. La hoteli ya DusitD2, Januari 2019, watu 21. Kila mara jiji liliongeza geti, boriti, kioo cha kutazamia chini ya gari. Lakini ule uzoefu wa kuinua mikono bila kuambiwa ulianzia kwenye kona ile, na mimi nina chuki nao ambayo siwezi kuitetea: najua kwa nini upo. Ningependa tu binti yangu angekuwa na angalau njia moja ya mkato kabla haijafungwa. Nilipomwambia hivyo alisema ana ramani kwenye simu.

Tulichelewa rakaa ya kwanza.

Jumamosi, 10 Agosti: barabara ya kurudi

Binti alibaki kwa khalati kungoja masomo. Mimi nilirudi kwa basi la mchana, shilingi 1,400, kwa sababu treni za wikendi zilikuwa zimejaa. Anayetaka treni Ijumaa hadi Jumapili akate siku kadhaa kabla. Ofisi za mabasi ya Mombasa ziko upande wa River Road na Accra Road. Mlangoni mwa basi kijana alinipapasa kwa sekunde moja, na mkono wake haukufika hata kwenye mfuko wa koti.

Hadi Mtito Andei hakuna la kusimulia ila malori. Pale tulipewa dakika ishirini; viazi karai na chai, shilingi 150, na vyoo vya msikiti wa kando ya barabara ni safi kuliko vya hotelini. Gurudumu lilitupasukia mbele kidogo ya Voi. Mlio ulipotoka abiria wote waliinama, kisha wakacheka, isipokuwa mama mmoja wa makamo kiti cha mbele yangu aliyebaki ameinama hadi kondakta alipomgusa bega. Sikumuuliza alikuwa wapi mwaka gani. Nilimnunulia maji, naye akanipa nusu ya muhindi wake wa kuchoma tulipokuwa tunangoja gurudumu, tukaongea habari za bei ya mahindi.

Mwembe Tayari tulifika saa mbili usiku, tuktuk hadi Kisauni shilingi 300 kwa sababu ya giza.

Kwa atakayekwenda kwenye bustani ile tarehe 7 Agosti: nenda asubuhi, uwe ndani kabla ya saa nne. Ndio wakati familia na walionusurika wanapokuwepo, na wengi wanapenda kuulizwa. Mchana utakuta viti vinakunjwa. Nunua ua mwenyewe kabla ya kuingia. Mimi mwakani, nikijaliwa, nadaiwa moja.